Dada yangu anataka kutolewa matiti yote mawili, na moja ni zima

Bi. Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 33, kitinda mimba katika watoto watatu: dada, kaka, halafu mimi. Dada ana miaka 41. Mwaka jana akiwa anaoga alishika kivimbe kwenye titi la kushoto, kigumu kama kokwa, hakiumi. Nilimsindikiza hospitali. Wakachukua kinyama, kikapelekwa maabara, jibu likarudi saratani. Kivimbe kilikuwa cha sentimita tatu. Daktari akasema ni aina isiyoitikia dawa za homoni, akaanzishiwa kemotherapi. Nywele zilipoanza kudondoka, mimi ndiye niliyemnyoa zilizobaki. Nakueleza haya ili ujue sikumtupa dada yangu.

Katikati ya matibabu wakampima damu kuangalia mambo ya urithi. Karatasi ikasema ana badiliko kwenye jeni inayoitwa BRCA1. Kuanzia hapo maneno yakabadilika. Tulikuwa tunajua atatolewa uvimbe, au kwa ubaya zaidi titi la kushoto. Sasa anasema ameamua kutolewa yote mawili. La kulia ni zima kabisa! Limepigwa picha, limeingizwa kwenye MRI, halina kitu.

Alituambia siku hiyo akiwa anakunja nguo, shemeji yupo, mama yupo. Mimi nikalipuka. Nikamwambia, "Unakata titi zima kwa ajili ya karatasi?" Nikaongeza kwamba amefuata mkumbo wa yule mwigizaji wa Marekani, Angelina Jolie, maana ndivyo watu wa nyumbani wanavyosema. Hakunijibu. Alimaliza kukunja shati alilokuwa nalo, akaliweka juu ya mengine, akasema, "Chukua mkoba wako." Nikaondoka.

Wiki tatu zimepita. Nikimtumia ujumbe, ananijibu neno moja. Juzi akatuma maneno mawili: "Nawe kapime." Nimeyasoma mara nyingi na sijui ananionya, ananilaani au anafanya nini.

Bi. Mshauri, sielewi. Urithi huo umetoka wapi? Mama yetu ana miaka 68, matiti yake yote mawili hayana shida, na dada zake wote wazima. Walioumwa ni upande wa baba tu: shangazi mmoja alikufa kwa saratani ya titi akiwa na miaka 44, na mwingine alikufa kwa "tumbo". Baba mwenyewe hakuwahi kuumwa kitu cha namna hiyo. Pili, kukata kiungo kizima kunatibu nini? Upasuaji wenyewe ukoje, na je, baada ya hapo amepona moja kwa moja? Na mimi nina mtoto wa miezi kumi, bado ananyonya. Nikipimwa nikakutwa nayo, ndiyo nami nitakatwa?

Upasuaji ni baada ya wiki mbili.

Mdogo Mtu

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na shangazi zako, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza umeliandika mwenyewe ukalipita. Watu wengi wakiulizwa kama kuna saratani ya titi katika ukoo wao huhesabu upande wa mama peke yake, kana kwamba matiti hurithiwa kwa mama. Jeni ya BRCA1 kila mtu anayo, mwanamume na mwanamke, nakala mbili: moja ya baba, moja ya mama. Kazi yake ni ya fundi. Vinasaba ndani ya seli vikikatika, yeye ni miongoni mwa wanaotengeneza palipokatika. Mtu akizaliwa na nakala moja mbovu, mafundi wamepungua, na makosa madogo madogo hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka hadi seli fulani inaasi. Mwanamume anaweza kubeba nakala hiyo mbovu maisha yake yote asiugue chochote, akawapa watoto wake. Kila mtoto anayezaliwa naye ana nusu kwa nusu ya kuipata.

Shangazi aliyekufa na saratani ya titi akiwa na miaka 44 ni dalili kubwa. Na huyo wa "tumbo", naomba uwaulize wakubwa vizuri: lilikuwa tumbo gani? Ini? Utumbo? Au tumbo lilijaa maji likavimba, hospitali ikataja ovari, yaani vile vifuko vya mayai ya uzazi? Nauliza kwa sababu jeni hii haisumbui matiti tu, inasumbua na ovari, na saratani ya ovari nyumbani mara nyingi huzikwa kwa jina la tumbo. Mama yako kuwa mzima ni jambo la kushukuru, lakini halimkingi mtu na kilichotoka kwa baba. Sikuthibitishii kwamba kilitoka kwake, ila kwa ulivyoeleza ndiko ningeanza kutazama.

Sasa titi zima.

Hapa nataka twende polepole, kwa sababu ndipo ulipogombana na dada yako, na kusema kweli ndipo familia nyingi zinapogombana. Upasuaji wa dada yako utafanyika siku moja, chini ya dawa moja ya usingizi, lakini ni upasuaji wa aina mbili zenye sababu mbili. Titi la kushoto linatolewa kutibu saratani iliyopo. Titi la kulia linatolewa kuzuia saratani ambayo haijafika. Kulitoa la kulia hakumponyi la kushoto hata kidogo. Ikiwa kuna chembe za saratani zilizokwisha kutoroka kutoka kushoto kwenda mahali pengine mwilini, hazitajua kama titi la kulia lipo au halipo. Kwa hiyo uliposema kukata titi zima hakutibu kitu, ulisema kweli. Umekosea kudhani kwamba dada yako analitoa ili ajitibu.

Na nikuambie ukweli mwingine ambao huenda ukakushangaza. Kama dada yako asingekuwa na badiliko hilo la jeni, ningesimama upande wako, ingawa si kwa maneno uliyotumia. Zamani madaktari waliamini kwamba kadiri unavyokata sana ndivyo unavyookoa sana. Mwishoni mwa karne ya 19, William Halsted huko Baltimore alikuwa anaondoa titi, misuli ya kifua na tezi zote za kwapani, na dunia ikamfuata kwa miongo mingi. Wanawake walibaki na vifua vilivyobonyea na mikono isiyonyanyuka. Katika miaka ya 1970 wapasuaji wawili, Bernard Fisher nchini Marekani na Umberto Veronesi nchini Italia, wakaanza kulinganisha: kundi moja la wagonjwa wenye saratani ya mapema wanatolewa titi zima, kundi jingine wanatolewa uvimbe tu halafu titi linapigwa mionzi. Waliwafuatilia miaka 20. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002, na idadi ya walionusurika ilikuwa sawa. Ndiyo maana leo mwanamke wa kawaida mwenye uvimbe mdogo anaambiwa titi lake linaweza kubaki. Na titi la pili la mwanamke huyo wa kawaida, asiye na jeni mbovu, hupata saratani mpya kwa wachache tu, kama wanne au watano katika kila 100 ndani ya miaka 10. Wapo wanaoliondoa kwa hofu tupu. Hofu hiyo naielewa na siwezi kuicheka, lakini huwa nawaomba wairudie hesabu wakiwa wametulia.

Hesabu ya dada yako ni nyingine. Mwenye badiliko la hatari kwenye BRCA1 ambaye titi moja limekwisha kupata saratani, uwezekano wa la pili kuipata ndani ya miaka 20 ni takriban 40 kati ya 100. Dada yako ana miaka 41. Miaka 20 kwake ni 61, umri ambao mama yenu ameshaupita. Weka namba hiyo mbele yako kabla hujasema neno "zima".

Halafu hiyo karatasi. Mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba kuna familia ambazo saratani ya titi inatembea ndani yake pamoja na kipande fulani cha kromosomu ya 17. Miaka minne baadaye jeni yenyewe ikapatikana, ndiyo hiyo BRCA1. Tangu hapo koo kwa koo zimefuatiliwa. Katika wanawake 100 wenye badiliko la hatari kwenye jeni hiyo, takriban 70 hupata saratani ya titi kabla ya kutimiza miaka 80. Kwa wanawake wote wa Marekani, wenye jeni hiyo na wasio nayo, ni kama 13 katika 100. Kwa hiyo karatasi hiyo si ramli. Kitu kimoja tu cha kuhakikisha, tena kwa upole: je, imeandika kwamba badiliko hilo linajulikana kuleta ugonjwa, au kwamba maana yake bado haijafahamika? Majibu ya namna hiyo ya pili hutoka mara kwa mara, na mtu hapaswi kukatwa kwa sababu yake. Kwa jinsi madaktari wake walivyozungumza naye, nadhani lake ni la kwanza.

Kuhusu Angelina Jolie: yeye alitangaza mwaka 2013 kwamba ametolewa matiti yote mawili akiwa hana saratani yoyote. Alikuwa na badiliko la BRCA1, na mama yake alikuwa amekufa kwa saratani akiwa na miaka 56. Dada yako yuko mbele ya hapo. Saratani ameshaishika kwa vidole vyake mwenyewe akiwa anaoga. Amepitia dripu, amepitia kichefuchefu, umemnyoa wewe. Mtu aliyetoka huko akisema hataki kurudi huko, mkumbo anaoufuata ni upi?

Je, alikuwa na njia nyingine? Alikuwa nayo, na ni halali. Angeweza kutibiwa upande wa kushoto kisha titi la kulia likaangaliwa kwa MRI na picha ya eksirei kila mwaka. Kuna wanawake wenye jeni hii wanaochagua hivyo na madaktari wao wanawaunga mkono. Lakini elewa kipimo kinafanya nini: kinakamata saratani ikiwa ndogo, hakiizuii kuja. Ikija, ni kemotherapi tena. Kuondoa matiti kunapunguza hatari ya saratani ya titi kwa takriban 90 katika 100 au zaidi. Haifiki sifuri, kwa sababu nyama ya titi haina mpaka uliochorwa. Inatambaa hadi kwapani na karibu na mtulinga, na chembe kidogo hubaki chini ya ngozi hata mpasuaji awe hodari namna gani. Kati ya njia hizo mbili hakuna ya mwoga na ya jasiri. Kuna anayeweza kuishi na kusubiri majibu kila mwaka, na kuna ambaye kusubiri huko kungemla.

Kabla sijasahau, na hili ni zito: muulize dada yako, mkipatana, kama madaktari wamezungumza naye habari za ovari. Saratani ya ovari haina kipimo cha kuaminika cha kuikamata mapema kama picha za matiti. Kwa hiyo wenye BRCA1 hushauriwa watolewe ovari na mirija ya uzazi kati ya miaka 35 na 40 wakishamaliza kuzaa. Yeye ana 41. Watu hushikilia habari ya matiti kwa sababu yanaonekana, kumbe kitu cha hatari kiko ndani kimenyamaza.

Sasa upasuaji wenyewe. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi katika wodi za upasuaji kabla ya kuanza kujibu barua, kwa hiyo hapa nitakueleza nilichokuwa nakiona kwa macho.

Atalazwa usingizi kabisa. Kutoa matiti yote mawili bila kutengeneza mapya huchukua kama saa mbili au tatu. Mpasuaji anaondoa nyama yote ya titi na kuacha misuli ya kifua ilivyo, siyo kama enzi za Halsted. Ngozi yaweza kuachwa kwa wingi au kidogo, na wakati mwingine hata chuchu huachwa, kutegemea uvimbe ulikaa wapi na kama atatengenezewa titi jingine. Upande wa kushoto watatazama pia tezi za kwapani. Mara nyingi huchomwa rangi karibu na titi, rangi hiyo ikaelekea kwenye tezi ya kwanza au mbili za kwanza, nazo ndizo zinazotolewa na kupimwa, badala ya kung'oa zote. Ikiwa rangi yenyewe ni ya bluu, mkojo wake siku ya kwanza unaweza kuwa wa kijani au bluu. Msiruke kwa hofu. Vyote vilivyotolewa vinaenda maabara, titi la kulia pia. Hutokea mara chache kwamba katika titi lililoonekana safi maabara inakuta saratani ndogo iliyokuwa imejificha. Majibu huchukua siku kadhaa au zaidi ya wiki, na hizo ni siku ngumu kuliko za kidonda.

Atatoka chumba cha upasuaji akiwa na mirija. Hili huwashtua ndugu kuliko kitu chochote, kwa hiyo lijue mapema. Kila upande utakuwa na mrija mwembamba unaotoka chini ya kwapa, mwisho wake kuna kichupa laini cha plastiki kinachominywa ili kivute majimaji. Mwanzoni majimaji ni mekundu, kisha ya waridi, mwishoni ya rangi ya majani makavu. Wengi huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya usiku mmoja au mbili na mirija hiyo bado ipo, nayo hukaa wiki moja hadi tatu. Kila siku vichupa hufunguliwa, hupimwa, huandikwa, humwagwa. Kwa kawaida mrija huondolewa majimaji yakishuka chini ya mililita 30 hivi kwa siku nzima. Namkumbuka mgonjwa mmoja ambaye mdogo wake alimshonea mifuko miwili upande wa ndani wa shati, kulia na kushoto, vichupa vikakaa humo. Alitembea korido nzima mikono ikiwa huru, wakati wenzake wanavibeba kama kuku wawili. Na mdogo mtu huyo alikuwa na daftari dogo: tarehe, saa, kulia ngapi, kushoto ngapi. Daktari alipouliza, alisoma tu.

Wiki za mwanzo hatanyanyua kitu kizito wala kunyoosha mikono juu ya mabega mpaka aambiwe. Kuna mazoezi ya bega atakayofundishwa, nayo yasiachwe, maana bega likikakamaa kulirudisha ni taabu. Kwa wengi wiki nne hadi sita ndizo za kurudi katika shughuli za kawaida. Kifua kitakuwa na ganzi, na sehemu ya ganzi hiyo yaweza kubaki daima. Wengine huhisi chuchu inawasha ilhali haipo. Akikuambia hivyo, mwamini. Majimaji yanaweza kukusanyika chini ya ngozi baada ya mirija kutoka, nayo hutolewa kliniki kwa sindano. Mkono wa kushoto, kwa sababu tezi zimeguswa, unaweza kuvimba hata baada ya miezi au miaka. Akiona pete au mkono wa shati unabana upande mmoja, asingoje. Na homa, wekundu unaosambaa, usaha, kifua kuvimba ghafla, kukosa pumzi au mguu mmoja kuvimba na kuuma ni mambo ya kurudi hospitali siku ileile.

Unauliza kama ndiyo amepona. Titi kuondoka si mwisho wa matibabu kwa kila mtu. Maabara ikikuta saratani kwenye tezi, anaweza kuhitaji mionzi hata kama titi halipo, na anaweza kuongezewa dawa. Atahitaji pia kujua kifua chake kipya kwa vidole, kwa sababu picha za kila mwaka za matiti kwa kawaida hazifanywi tena yakishatoka yote, lakini kinundu kwenye kovu au kwapani lazima kionekane na daktari.

Habari ya kutengenezewa matiti mengine ni yake peke yake. Wapo wanaowekewa mfuko wa silikoni, ambao haudumu milele na huenda ukabadilishwa miaka ya mbele. Wapo wanaotengenezewa kwa nyama na mafuta ya tumbo lao wenyewe, upasuaji mrefu zaidi wenye makovu mawili. Wapo wanaovaa titi bandia ndani ya sidiria. Wapo wanaofungwa kifua kikawa bapa na kuishi hivyo wakiwa na amani. Kama mionzi inatarajiwa, daktari anaweza kushauri asubiri kwanza. Asije mtu wa nyumbani, wewe ukiwemo, kumwambia kipi kinampendeza shemeji yako.

Nawe sasa. "Nawe kapime."

Kupima si kukatwa. Ni damu kidogo au mate, na kabla yake unaketi na mtaalamu wa ushauri wa urithi anakueleza majibu yatamaanisha nini kwako. Kunyonyesha hakuzuii. Kwa sababu badiliko la dada yako linajulikana, maabara itatafuta hilohilo kwako. Ukikutwa huna, hatari yako inarudi karibu na ya mwanamke mwingine yeyote, na mtoto wako hawezi kulirithi kutoka kwako. Ukikutwa nalo, hakuna atakayekushika mkono kukupeleka chumba cha upasuaji. Utaanza kuangaliwa kwa MRI na picha kila mwaka, utazungumza kuhusu ovari kwa wakati wake, na upasuaji utakuwa mlango unaoweza kuufungua ukitaka, mwaka utakaotaka, au usiufungue. Mwanamke akishatolewa matiti hawezi kunyonyesha tena, kwa hiyo anayetaka kuzaa na kunyonyesha ana haki ya kuliweka hilo kwenye mizani. Ila jambo moja nakusihi: kwa kuwa unanyonyesha, ukishika kivimbe kisichoondoka wiki moja au mbili, usikubali mtu akuambie ni maziwa tu. Kipimwe.

Na kaka yenu naye aambiwe. Wanaume huachwa nje ya mazungumzo haya, lakini naye ana nusu kwa nusu, na kama ana watoto, swali linawahusu.

Umeniuliza kama dada yako anakuonya au anakulaani. Mwanangu, umemwambia mtu mwenye saratani kwamba anafuata mkumbo, mbele ya mumewe na mama yake, akakufukuza. Halafu wiki tatu baadaye, akiwa na hasira zake zote na upasuaji mbele yake, amekaa akafikiria titi lako. Maneno mawili ndiyo aliyoweza. Ungekuwa humo moyoni mwake kama adui, angekaa kimya na jeni ikafanya kazi yake.

Usimpelekee maelezo. Usimwambie umesoma, umeelewa, au Bi. Mshauri kasema. Nenda nyumbani kwake wewe mwenyewe, umwambie, "Dada, nilikosea, na nilikuumiza mbele za watu." Halafu nyamaza. Kama atalia, alie. Kama atanyamaza, kunja nguo zilizopo. Akikuuliza, mwambie tarehe uliyochukua ya kwenda kupima, kwa hiyo uwe umeichukua kabla hujaenda. Na siku ya kufunguliwa bandeji, asilazimishwe kujitazama. Wengine hutazama siku hiyohiyo, wengine baada ya mwezi, wengine hutaka mtu atazame kwanza awaambie. Akikuomba uwe wewe, tazama, umweleze unachokiona, mshono kwa mshono, bila kupamba.

Alikuambia uchukue mkoba wako. Rudi nao. Weka ndani mashati mawili mapana yanayofungwa vifungo kwa mbele, maana hataweza kuvaa kitu cha kupitisha kichwani. Yashone mifuko kwa ndani, kulia na kushoto. Tia mto mdogo laini, wa kuweka kati ya kifua na mkanda wa gari siku ya kumrudisha nyumbani. Na daftari, na kalamu.